Kioo Nilichokipaka Mafuta ya Nazi

Bora niwasimulie mwenyewe kabla Bi. Tatu hajawafikia, maana yeye kila akilisimulia jambo hili linanenepa, na mara ya mwisho nilipomsikia pale gatini alikuwa ameshafika mahali pa kusema kwamba nilikikaanga kioo cha chuo kikuu kwenye kikaango cha samaki. Sikukikaanga. Nilikipaka mafuta tu. Lakini nakiri kwamba aibu niliyoipata siku ile, na miaka yangu hii sabini na mbili na ndevu nyeupe kidevuni, sijawahi kuipata nyingine kama hiyo, na mimi nimepata aibu nyingi (niliwahi kuanguka na sinia la pilau mbele ya wakwe zangu, lakini ile ilikuwa aibu ya miguu, hii ilikuwa aibu ya kichwa).

Hapa Mbuchi jina langu ni Mzee Karabai. Kabla sola hazijaingia delta, harusi zote, maulidi yote na vikao vyote vya ngoma vilimulikwa na karabai zangu, nilikuwa nazo kumi na moja, nazipakia kwenye mtumbwi nazipeleka mpaka vile visiwa vya mbele, nazipiga pampu kwa mkono wangu, na sifa yangu haikuwa mwanga, maana mwanga hata karabai ya mtu mvivu inatoa. Sifa yangu ilikuwa vioo. Kioo cha karabai yangu ungeweza kudhani hakipo. Nilikisugua kwa jivu laini, nikakisuuza, nikakifuta kwa gazeti, halafu mwisho nikatia tone la mafuta ya nazi kwenye kitambaa na kukipitisha juu juu, na hiyo ndiyo ilikuwa siri yangu, sikumwambia mtu kwa miaka thelathini, na leo naitoa bure kwa sababu imeshaniponza.

Sola zilipokuja watu wakaanza kubonyeza swichi, na karabai zangu zikaingia stoo nyuma ya nyumba, chumba kimoja chenye kuta nene za udongo, paa la makuti na dirisha moja dogo. Humo ndimo mkasa ulimotokea.

Mjukuu wangu Zaituni, mtoto wa binti yangu mkubwa, alisoma hapa hapa, akaenda sekondari Kibiti, kisha akaingia chuo kikuu Dar es Salaam akakaa huko miaka mingi mpaka tukawa tunaulizana kama chuo hicho kina mlango wa kutokea. Kumbe alikuwa anasoma mambo ya mwanga. Siku moja akashuka gatini na masanduku manne, akaniamkia, akanywa maji, kisha akasema, "Mume wangu, nataka ile stoo yako ya karabai." (Wageni msishtuke, kwetu mjukuu wa kike humtania babu yake kwa kumwita mume, na Zaituni hakuwahi kuniita mzee tangu alipojua kusema.)

"Ya nini?"

"Nataka kupitisha mwanga kwenye maji ya hapa."

"Dar hakuna maji?"

"Ya Dar yana taka, babu. Nataka yenye tope. Nikiyabeba mpaka chuoni tope linakuwa limeshatuama, na nikilikoroga tena si tope lile lile."

Nikampa stoo. Alitandika turubai jeusi darini na dirishani, akatengeneza meza juu ya mipira ya ndani ya matairi, juu yake akaweka sanduku la mchanga ili kitu chochote kisitikisike hata mtu akitwanga jirani, na juu ya mchanga akapanga vyombo vyake: taa ya leza inayotoa mwale mwekundu mwembamba kama uzi, kipande cha plastiki kilichochorwa mistari myembamba sana, mmoja wa katikati umegawanyika kama panda ya mti, kisha kioo kilichoshikiliwa na skrubu mbili, na mbele ya yote ukuta mweupe na kamera.

Siku ya kwanza alinikalisha kwenye kigoda akanionyesha. Aliondoa kioo, akawasha, na ukutani ikatokea pete nyekundu, duara safi lenye shimo jeusi katikati.

"Unapajua pale maji ya mto yanapokutana na maji ya bahari yanapopanda?" akaniuliza.

"Nusura nizame pale."

"Maji yanafanyaje?"

"Yanazunguka."

"Na katikati?"

"Pana shimo."

"Basi mwanga huu nimeuzungusha vivyo hivyo. Unakwenda mbele huku unajisokota, na katikati yake hamna kitu, giza tupu."

Hapo nilielewa, kweli. Tatizo likaja aliporudisha kile kioo. Kilikuwa kioo cha ukungu, kama kile wanachoweka kwenye madirisha ya bafu ili mtu asichunguliwe, na mwanga ulipopita ndani yake ile pete nzuri ikapotea, ukuta mzima ukajaa madoa, maelfu kwa maelfu, mekundu na meusi, kama mtu amemwaga chenga za mchele juu ya sakafu ya lami, au kama televisheni ambayo antena yake imegeuzwa na upepo. Mimi nikasikitika. Yeye akafurahi.

"Hizo chenga ndizo ninazozitafuta," akasema. "Kila mkwaruzo wa kioo unautupa mwanga upande wake, na vile vipande vikikutana ukutani, vingine vinasaidiana pakang'aa, vingine vinauana pakawa giza. Nikikuza ile pete, chenga zinakuwa ndogo. Kioo kisiposogea, hazisogei, leo na kesho ni zilezile, doa kwa doa. Kikisogea hata kwa unene wa unywele, zinabadilika zote. Umeelewa, babu?"

"Nimeelewa."

Neno hilo moja. Sikuelewa hata punje, nilikuwa bado naisikitikia pete, lakini ningesemaje? Mimi nimefika kidato cha nne enzi ambazo kidato cha nne kilikuwa kidato cha nne, na somo la fizikia nilipata (sitasema nilipata nini, ila nilipata). Basi nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa zamani akawa anasubiri wengine, na moyoni nikasema huyu mtoto ameletewa kioo kibovu na chuo, anajifariji.

Miezi minane alifanya kazi ile. Kila asubuhi aliwasha mwanga kwenye kioo peke yake, akalinganisha chenga za ukutani na zile za siku ya kwanza zilizomo kwenye kompyuta, akaona ni zilezile, ndipo akaweka mbele yake chombo cha maji mapya ya mto, na hapo chenga zikaanza kutokota kama uji, zikitokota haraka anaandika, zikitokota polepole anaandika. Alianza masika, maji mazito kama kahawa, akapita kipupwe, akaingia kiangazi, na alitaka kufunga mwaka kwa chenga zilezile za kioo kilekile. Yalibaki maji ya vuli tu.

Ndipo ikaja habari kwamba Profesa wake anakuja. Zaituni alinieleza bila kunificha: kule chuoni kuna waliosema kazi ya namna hii haiwezekani kwenye nyumba ya makuti, kwamba picha zake ni nzuri mno, na Profesa anakuja aone kwa macho yake. Akiona chenga zinarudi zilezile, Zaituni anaendelea mpaka anamaliza. Asipoona, kazi inafungwa, na miaka yake yote imekwenda na maji.

Mtu mwenye akili angesikia hayo akanyamaza. Mimi nilikwenda kwenye benchi la kahawa.

"Alhamisi njooni kwangu," nikawaambia. "Mtaona mwanga ambao hamjawahi kuuona, na mjukuu wangu ndiye aliyeutengeneza, na damu ya mwanga ameirithi wapi, mnajua wenyewe."

Bi. Tatu alikuwa anapita na kapu lake. Huyu ni mtoto wa shangazi yangu, na kwetu mtoto wa shangazi ni mtani wako mpaka siku ya kaburi, na hata kaburini atakaa pembeni asiruhusu watu walie vizuri. Akasimama.

"Mwanga gani, wewe ambaye karabai zako zimelaliwa na kuku?"

"Njoo Alhamisi uone."

"Nitakuja, na kiti nitabeba mwenyewe, maana vya kwako vina kunguni."

Mwenyekiti wa kitongoji naye akasema atakuja, kwa sababu sola ya stoo aliifunga yeye kwa mkono wake na alitaka Profesa ajue. Basi mpaka jioni kijiji kizima kilikuwa kimealikwa, na Zaituni aliposikia alishika kichwa, lakini hakunikaripia, alisema tu, "Haya, mume wangu. Ila wakae nyuma, wasitikise meza."

Alhamisi asubuhi akaondoka kwenda gatini kumpokea Profesa. Mlangoni akageuka.

"Usiguse kitu mezani."

"Sigusi."

Nami nilikuwa na nia safi, Mungu ananiona. Niliingia na ufagio. Nikafagia chini, nikapanga vigoda, nikawasha taa ya kawaida kuangalia kama kuna utando wa buibui, na macho yangu yakaangukia kile kioo.

Ndugu zangu, kile kioo kilikuwa na ukungu kama jicho la mzee mwenye mtoto wa jicho. Wageni wanakuja. Watu wa benchi la kahawa wanakuja. Bi. Tatu anakuja na kiti chake. Na katika nyumba ya Mzee Karabai, juu ya meza, mbele ya Profesa, kuna kioo kichafu. Nikajiambia, ndiyo maana pete inaharibika, ndiyo maana ukuta unajaa chenga kama televisheni mbovu, mtoto wa watu amehangaika miezi minane kuhesabu uchafu, na babu yake, fundi wa vioo, amekaa tu anakunywa chai.

Nikalegeza skrubu mbili.

Nilianza na jivu. Nikasugua, nikasuuza, nikafuta kwa gazeti, ukungu palepale. Nikasugua tena. Palepale. Hapo nikakasirika, maana hakijawahi kutokea kioo kikanishinda, na hasira ya fundi ni mbaya kuliko ya mlevi kwa sababu inaona kwamba ina haki. Nikaenda jikoni, nikachukua mafuta ya nazi, nikaweka kwenye kitambaa, si tone, mkupuo mzima, nikapitisha.

Ukungu ukatoweka. Nawaambia ukatoweka, kama mtu aliyefumbuliwa macho! Nikaona kiganja changu upande wa pili, mistari yote. Niliruka nikajigonga kwenye boriti. Nikakirudisha mahali pake, nikakaza skrubu, nikakiweka sawa kwa kipimo cha jicho (jicho la fundi, nikasema), nikatoka nje nikavaa kanzu.

Watu wakaja. Wakajaa stoo mpaka pumzi ikawa ya kugawana, mwenyekiti mbele, Bi. Tatu kwenye kiti chake cha plastiki katikati kabisa kama bibi harusi. Boti ikafika, Profesa akaingia, mama mmoja mwembamba wa makamo, mpole, ameshika viatu mkononi na tope limemfika magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu, karibu, jisikie umefika."

Akasema hana muda mrefu, mwenye boti amemwambia waondoke kabla maji hayajakupwa, maana yakikupwa boti itakaa juu ya tope mpaka usiku. Basi Zaituni akafunga mlango, akazima taa, giza likashuka watu wakasema bismillahi, na akawasha leza.

Ukutani ikatokea pete.

Pete safi, nyekundu, yenye shimo jeusi. Haina doa. Mimi nikatabasamu gizani mpaka masikio yakasogea. Nikasubiri watu washangae.

"Ebo!" akasema Bi. Tatu. "Hii si ngata? Tumetoka majumbani kwetu kuja kuangalia ngata? Mimi ninazo tatu, na zangu zinabeba ndoo."

Watu wakapasuka kucheka. Lakini Zaituni hakucheka. Nilimsikia anapumua. Akapapasa leza, akapapasa ile plastiki, akaitazama kompyuta, akarudi ukutani.

"Chenga zangu ziko wapi?" akasema, kwa sauti ndogo kama ya mtoto aliyeamka akakuta nyumba haina mtu.

Hapo ndipo mikono yangu iliyopaka mafuta ilipoelewa, kabla kichwa hakijafika. Na hapo ndipo nilipaswa kusema. Badala yake mdomo wangu, mdomo huu huu, ukasema:

"Labda ni sola. Betri imeshuka."

"Sola imefanya nini?" mwenyekiti akaruka. "Sola ile nimeifunga mimi!"

"Sisemi wewe, nasema labda chumvi ya bahari imeshika kwenye kioo chake juu, mwanga hauingii vizuri..."

"Sola yangu haina chumvi! Nitapanda sasa hivi niifute mbele ya watu wote, halafu tuone ni sola au ni uzee wako!"

Akatoka na kitambaa. Tukasikia ngazi inaegemezwa ukutani. Ningeweza kumzuia. Sikumzuia, nilikuwa nashukuru kwamba watu wamepata mtu mwingine wa kumtazama.

Ndani, Profesa alikuwa amesogea mpaka karibu na Zaituni. Alisema polepole, kwa heshima, ili sisi tusisikie, lakini stoo ile kila kitu kinasikika.

"Zaituni, zile picha ulizonitumia ulizipigia wapi?"

"Hapa, Profesa."

"Kwa kioo hiki?"

"Kwa kioo hiki hiki. Jana asubuhi nilipiga."

"Kioo cha ukungu hakitoi pete. Unalijua hilo kuliko mimi." Akapunguza sauti zaidi. "Nataka uniambie ukweli, mwanangu. Ni bora uniambie mimi hapa kuliko uwaambie wao kule."

Zaituni akashika ncha ya kanga akaanza kuikunja na kuikunjua. Na yule mtoto namjua, akikunja kanga hivyo analia bila machozi, alifanya hivyo alipokufa bibi yake. Kidato changu cha nne kilitosha kuelewa kwamba mjukuu wangu ameitwa mwongo, tena kwa adabu, mbele ya kijiji nilichokialika mwenyewe. Nami nilikuwa bado nafikiri namna ya kulisema kosa langu ili lisikike dogo.

Darini kukasikika kraa! Na mguu wa mwenyekiti, pamoja na kandambili yake, ukapenya makuti, ukapenya turubai, ukaning'inia juu ya vichwa vyetu unapiga mateke.

"Nishikeni! Nishikeni jamani! Si huko, huko ni mguu!"

Pembeni mwa mguu ule jua likashuka. Mwale mmoja mnene, mweupe, wa saa nne za asubuhi, na kama ungelipwa kuuelekeza usingeuelekeza vizuri zaidi, ukaangukia moja kwa moja juu ya kile kioo. Kikang'aa. Kilikuwa kinang'aa kama mashavu ya mwali, na kwenye ncha yake ya chini tone la mafuta lilikuwa linajikusanya, likawa kubwa, likaanguka kwenye mchanga.

Wote tuliliona.

Bi. Tatu akavuta pua. "Nazi," akasema. Akageuka taratibu na kiti chake akanitazama, na sikuwahi kumwona anafurahi namna ile tangu siku ya sinia la pilau.

"Nimekipaka mimi," nikasema. "Profesa, nimekipaka mafuta mimi, asubuhi, yeye hakuwepo. Nilikiona kichafu. Aliniambia nisiguse, nikagusa. Mtoto hajasema uongo, uongo nimesema mimi, hata ile betri ni uongo, haina kosa."

"Umesikia?" mguu ukasema kutoka juu. "Nilisema!"

Zaituni alinitazama kwenye ule mwanga wa jua. Hakuniita mume wake. Alisema, "Mzee, umekitoa kwenye skrubu?"

"Nimekitoa."

Akakaa chini sakafuni, akaweka mikono kichwani.

Wanaume wakatoka kumshusha mwenyekiti. Profesa alikigusa kioo kwa kidole, akanusa kidole, na uso wake ukafunguka, akaanza kucheka mpaka akaegemea ukuta mweupe akauachia tope. Kisha akatueleza, na safari hii nilisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu. Kioo kile, alisema, kimekwaruzwa makusudi, ile mikwaruzo ndiyo kazi yenyewe. Mafuta yameingia kwenye mikwaruzo yakaijaza, kama maji yanavyofunika mashimo ya barabara ya Kibiti wakati wa mvua, ukitazama unaona sawa tupu. Ndiyo maana mwanga umepita kama vile hakuna kioo.

"Mzee, umefanya jaribio zuri sana," akasema. "Ungemwambia tu mwenye maabara."

Kulikuwa na chupa ya spiriti niliyokuwa nikiwashia karabai, bado ina nusu. Zaituni akakiosha kioo kwa sabuni, kisha kwa spiriti, mara tatu, ukungu ukarudi. Tundu la paa likazibwa kwa mikeka na blanketi langu la kulalia. Leza ikawashwa. Na chenga zikatokea, maelfu, ukuta mzima, na kijiji kikasema "Aaa!" kwa pamoja, hata Bi. Tatu, ingawa leo atakataa.

Zaituni aliziweka karibu na zile za kompyuta. Akazipitia doa kwa doa.

"Ni chenga," akasema. "Lakini si zangu."

Niliangalia na mimi. Kwa macho yangu zilikuwa sawa, kama mchele na mchele. Lakini alinyoosha kidole: hapa palikuwa na doa jeusi, sasa hakuna, hapa palikuwa na wekundu, sasa giza. Kioo nilikirudisha kwa jicho la fundi, na jicho la fundi lilikikosea kwa kiasi cha unywele, na unywele ule ulikuwa miezi minane.

Profesa alizipima ukubwa, akakuta ukubwa wake ni uleule wa siku zote kwa pete ile, akasema hilo linatosha kwake, picha ni za kweli, na atakwenda kusema hivyo kule chuoni kwa mdomo wake mwenyewe. Jina la mjukuu wangu likasafishwa. Lakini mwaka wa maji haukuweza kuunganishwa, alisema, huwezi kuanza na chenga hizi ukamaliza na zile. Itabidi isubiriwe masika nyingine, kioo kingine, kuanza upya. Kisha mwenye boti akapiga kelele kwamba maji yanakupwa, Profesa akashika viatu vyake, akaondoka.

Tangu siku ile Zaituni akawa ananiita "mzee". Chakula ananiletea, shikamoo ananipa, maji ya kuoga ananichotea, yote kwa adabu, na adabu ile ilinichoma kuliko matusi. Alichora mstari wa chaki kwenye kizingiti cha stoo, na mimi sikuuvuka.

Masika ilipoingia nilikwenda kwenye mstari nikasimama nje yake. Nikamwambia nitachota maji mimi. Kila asubuhi, palepale kwenye kigingi alichokipigilia mtoni, kwa mtumbwi wangu, mwaka mzima. Akaniambia mgongo wako huo utaweza? Nikamwambia hautaweza, lakini utakwenda. Na ulikwenda. Mvua ilininyeshea, mbu wa mikokoni walinijua kwa jina, na kila siku niliweka ndoo nje ya chaki, nikarudi nyuma hatua mbili. Mguu sikuuingiza. (Mwenyekiti, ambaye siku hizi Bi. Tatu anamwita Mwale wa Juu, aliniambia hata yeye asingeniruhusu.)

Alifunga mwaka wake. Siku anapakia masanduku alinikuta uwanjani, akanishikisha kitu kimefungwa kwenye gazeti. Kilikuwa kile kioo cha kwanza.

"Chako hiki, mume wangu," akasema. "Kisugue utakavyo."

Nikageuka nikajifanya naangalia kuku.

Sasa kiko kwenye rafu, katikati ya karabai mbili. Kimeshika vumbi, juu ya ule ukungu wake kuna vumbi la miezi, na upande mmoja mjusi amepita na nyayo zake zinaonekana. Jana Bi. Tatu alikuja kuomba kiberiti, akakiona, akanicheka.

"Fundi mzima, hata kioo hukifuti?"

Mkono uliniwasha, sitawadanganya, na kitambaa kilikuwa begani. Nikampa kiberiti.

Sikifuti, Bi. Tatu. Na chochote kingine nitakachokiona kichafu katika maisha haya yaliyobaki, nitauliza kwanza kichafu hicho kinafanya kazi gani, na nikiambiwa, nikawa sijaelewa, nitasema sijaelewa.